Uhusiano: Tutaona

Siku ya chanjo, kliniki ya mifugo hugeuka sherehe isiyo na mwenyewe. Paka walikuwa ndani ya vikapu, kuku chini ya makwapa, na mbuzi mmoja alikuwa anatafuna tangazo la ukutani lililokataza kula humo ndani. Katikati ya zogo hilo Sponji aliingia kinyumenyume, akivuta benchi.

Jina hilo alilipata kazini. Alikuwa fundi wa viti, vya sebuleni na vya magari, kijana wa miaka ishirini na saba mwenye mikono migumu na moyo ambao rafiki zake walisema nao umejazwa sponji. Benchi la wateja wa kliniki alikuwa ameliwamba upya kwa ngozi ya bandia ya kahawia, misumari ya shaba imejipanga pembeni kama meno ya mtoto mwema. Alitaka kulikabidhi, apate sahihi, aondoke.

"Weka hapo hapo, usimkanyage Mwenyekiti," sauti ikasema nyuma yake.

Akageuka. Binti alikuwa amevaa sare ya udereva: suruali nyeusi iliyopigwa pasi mpaka mikunjo inakata, shati la njano, kofia imerudi kisogoni, filimbi inaning'inia shingoni.

"Mwenyekiti yupi?"

"Huyo miguuni pako."

Alikuwa mbwa wa rangi ya chai ya maziwa, sikio moja limesimama, la pili limelala. Ameketi kifua mbele, anawatazama wote kana kwamba kikao kimechelewa na ameshachoka kusubiri wajumbe. Lakini miguu ya nyuma ilikuwa imelala upande, kama soksi mbili zilizovuliwa haraka.

"Amefanyaje?"

"Pikipiki. Ilimgonga mbele ya basi langu ikakimbia. Mimi nabeba wanafunzi. Watoto ishirini na wawili walinililia kwa sauti moja mpaka nikashuka kumbeba. Ungekuwa wewe ungefanyaje?"

"Ningekuwa wa ishirini na tatu kulia."

Dereva akacheka. Alikuwa na mwanya, na kicheko chake kilipita pale kwenye mwanya kikatoka na upepo kidogo. Sponji akasahau alikuwa amekuja kutafuta sahihi ya nini.

Daktari wa mifugo akatokea, mama mfupi mwenye miwani iliyokaa kwenye paji la uso kana kwamba ni paji linaloona. "Umekuja kumwangalia tena?" akamwambia Dereva. "Nimeshakueleza, mwanangu. Uti wa mgongo umeumia. Nyuma hatatembea, na hakojoi mwenyewe. Kibofu lazima akamuliwe kwa mkono kila baada ya saa sita, ageuzwe asipate vidonda, asafishwe, akaushwe. Mbwa kama huyu simpi mtu mmoja. Mtu mmoja huchoka wiki ya tatu, nimeona kwa macho yangu. Nataka watu wawili wenye zamu tofauti. Nafasi ya kumweka hapa ninayo mpaka Ijumaa."

Hakusema Ijumaa kuna nini. Hakuna aliyeuliza.

"Peke yangu siwezi," Dereva akasema, na mwanya ukapotea. "Asubuhi niko barabarani, alasiri niko barabarani. Mchana tu ndio wangu, na jioni."

Wakati huo Mwenyekiti alijiburuta kwa miguu ya mbele, kiwiko kwa kiwiko, mpaka kwenye benchi jipya. Akaweka kidevu juu yake. Akashusha pumzi ndefu ya mtu aliyefika.

Sasa, fundi yeyote ana udhaifu wake. Tangu aanze kazi, Sponji alikuwa hajawahi kupata mteja aliyepokea kiti bila kulalamika juu ya rangi.

"Wa pili ni mimi," akasikia mdomo wake unasema. Yeye mwenyewe alishangaa. Ulikuwa mdomo wake, ndiyo, lakini hawakuwa wameshauriana.

Fomu ikaletwa. Mhusika wa kwanza, Dereva. Mhusika wa pili, Sponji. Chini yake palikuwa na mstari: *Uhusiano.* Kalamu ikasimama hapo.

"Andikeni kitu, foleni ni ndefu," Daktari akasema.

"Tuandike nini?" Dereva akamuuliza Sponji, na hiyo ilikuwa mara ya kwanza kumtazama machoni.

"Sijui. Tutaona."

Dereva akaandika hivyo hivyo: *Tutaona.*

"Sikilizeni masharti," Daktari akasema. "Kila zamu iandikwe kwenye daftari. Baada ya miezi mitatu nitakuja kukagua. Nikikuta kidonda, namchukua. Na akijaliwa kupona kabla ya hapo, akatembea na kukojoa mwenyewe, zamu zinaisha. Atabaki kwa mhusika wa kwanza."

Sponji akaitikia kama mtu anayeitikia salamu.

*

Mwenyekiti akahamia kwenye karakana, kwa sababu Sponji alikuwa anaishi chumba cha nyuma yake. Alfajiri na usiku zikawa zamu za Sponji. Mchana na jioni, Dereva alikuja akishamaliza kushusha wanafunzi.

Siku ya kwanza ya kukamua kibofu, Sponji alibonyeza kushoto, akabonyeza kulia, akabonyeza kama anayetafuta kiberiti mfukoni gizani. Mwenyekiti akamgeukia kwa huruma.

"We fundi, hilo ni tumbo, si mto wa kochi," Dereva akasema akipiga magoti. "Leta mikono. Viganja viwili, huku na huku. Tafuta kitu cha mviringo, kama chungwa. Umelipata?"

"Nadhani."

"Usidhani. Sasa bana taratibu, kama unakamua chungwa ambalo hutaki lipasuke."

Akaweka mikono yake juu ya mikono ya Sponji. Viganja vya usukani, vigumu katikati, laini kwenye ncha. Mkojo ukatiririka kwenye beseni. Kuna watu ambao mapenzi yao yalianza kwa maua. Ya Sponji, tuseme ukweli, yalianza hapo, na harufu haikumsumbua hata kidogo.

Alikuwa akitaka kusema jambo la maana. Akasema, "Wastani au mwingi?"

"Andika mwingi," Dereva akajibu, bila kutoa mikono.

Daftari lilitundikwa kwenye msumari, karibu na mikasi. Mwanzoni liliandikwa kama alivyotaka Daktari. *Saa 12 asubuhi. Mkojo: mwingi. Choo: kigumu kidogo. Amekula.* Wiki ya tatu, ile ambayo watu huchoka, likaanza kuharibika.

*Saa 6 mchana. Mkojo: wastani. Choo: safi. Fundi kavaa shati la bluu. Aambiwe linampendeza.*

*Saa 12 asubuhi. Mkojo: mwingi. Ameambiwa. Ameshindwa kupiga nyundo kwenye msumari tangu alipoambiwa.*

*Saa 6 mchana. Nimeona kidole. Pole, mpenzi wa nyundo.*

Sponji alilisoma hilo neno *mpenzi* mara nane. Halafu akasoma na *wa nyundo*, akakata tamaa. Halafu akarudia tena.

Alimshonea Mwenyekiti godoro la sponji ya tabaka tatu, na kwa mkanda wa kiti cha gari akamtengenezea bembea ya kumnyanyua nyonga. Jioni walimtembeza mtaani, Dereva ameshika mkanda, mbwa anatembea kwa mbele na kuelea kwa nyuma, akisalimia kila nguzo. Watu wakauliza. Dereva akajibu, "Mwenyekiti anakagua mitaa."

Simu za jioni nazo zikaanza, Dereva akishaegesha basi kwao.

"Fundi wangu, Mwenyekiti hajambo?"

"Hajambo. Anauliza kwa nini leo uliondoka mapema."

"Anauliza yeye au unauliza wewe?"

"Mimi ni msemaji wake tu."

"Basi msemaji, mwambie nami nilimkumbuka."

"Nani? Mbwa?"

"Lala salama, Sponji."

Akakata. Sponji akabaki ameshika simu, hajui amepewa au amenyimwa. Je, huyu binti anakuja kwa ajili yake, au kwa ajili ya mbwa, na yeye ni sehemu ya vifaa, pamoja na beseni na kitambaa? Akampigia mama yake.

"Mama, kuna dada mmoja huja kila siku saa sita kumhudumia mbwa."

"Mbwa gani?"

"Aliyepooza."

"Mwanangu, umechukua mbwa asiyeweza kumkimbiza mwizi?"

"Anaweza kumtazama vibaya, mama. Sasa huyo dada..."

"Anakuja kila siku?"

"Kila siku."

"Hata siku za shule kufungwa?"

Sponji akafikiri. "Hata hizo."

"Halafu unanipigia mimi," mama akasema, "badala ya kumpigia yeye. Baba yako alikuwa hivyo hivyo. Mpaka nikachoka nikamwambia, wewe bwana, unanioa au unasubiri mvua?"

Ilikuwa wazi kama mchana. Sponji akaapa kwamba kesho atasema.

*

Kesho yake alfajiri alikuwa anamkausha Mwenyekiti katikati ya vidole vya nyuma. Mguu wa kulia ukarudi ghafla, ukajikunja, ukarusha teke.

Akaacha kitambaa. Akagusa tena. Teke la pili, lenye nguvu zaidi ya la kwanza.

Furaha ilimpanda mpaka kooni, akataka kupiga kelele. Kisha, kabla kelele haijatoka, ikafuata kitu baridi. *Akijaliwa kupona, zamu zinaisha. Atabaki kwa mhusika wa kwanza.* Hakutakuwa na saa sita. Hakutakuwa na shati la njano likipiga magoti karakanani. Mbwa ataondoka, na binti ataondoka, na daftari litabaki kwenye msumari.

Akamtazama Mwenyekiti. Mwenyekiti akamtazama yeye.

"Usiniangalie hivyo," Sponji akasema. Akachukua kalamu, na kwa mwandiko wa mwizi akaandika: *Mkojo: mwingi. Hakuna jipya.*

Siku hiyo hakusema aliloapa kusema. Angesemaje mapenzi kwa mdomo unaoficha miguu ya mtu? Kila alfajiri teke lilikuja, na kila alfajiri aliandika hakuna jipya. Akawa anampa Mwenyekiti nyama ya ziada, kama wafanyavyo watu wenye hatia.

Lakini kuna jambo lilimchanganya zaidi. Dereva naye alibadilika. Alipofika saa sita alimwambia, "Toka kwanza nimsafishe," akavuta pazia. Miguu ya mbwa akaifunika shuka hata kwenye joto. Utani ukakauka daftarini. *Mkojo: wastani. Hakuna jipya.* Na kwenye simu:

"Kuna kitu unataka kuniambia?" Dereva akauliza jioni moja.

"Hapana. Wewe je?"

"Hapana."

"Sawa."

"Sawa."

Wakasikilizana wanavyopumua, kisha simu ikakatika, na kila mmoja akadhani ni mwenzake aliyekata.

Siku ya kumi Sponji aliona kwenye mshono wa daftari mabaki ya karatasi. Ukurasa ulikuwa umechanwa. Akasubiri saa sita huku moyo unapiga cherehani.

"Dereva, hapa kuna ukurasa haupo."

Alikuwa anavua kofia. Akasimama nayo mkononi. "Nilikosea kuandika."

"Mtu akikosea anafuta. Anayechana anaficha."

"Unanichunguza?"

"Nauliza. Uliandika nini? Kama umepata mtu, sema. Mimi siumii."

Ulikuwa uongo mkubwa kuliko karakana yenyewe, na Dereva angeucheka kama siku zingekuwa nzuri.

"Nipate mtu? Muda wa kupata mtu ninao wapi, wakati mchana wangu wote uko hapa?" Akachukua daftari, akalifungua. "Na wewe? Siku kumi unaandika hakuna jipya, hakuna jipya, mpaka nukta unaweka mahali palepale. Wewe unayeongea kama redio. Kama umenichoka, niambie hivyo. Usimwandikie mbwa."

"Hakuna jipya maana yake hakuna jipya."

"Basi hata kwangu hakuna."

Akamhudumia Mwenyekiti kimya, akamgeuza, akampangusa, akarudisha daftari kwenye msumari taratibu mno. Afadhali angelitupa. Akavaa kofia. Mwenyekiti akamsindikiza kwa macho mpaka mlangoni, kisha akamgeuzia Sponji kisogo, kile kisogo chake chote cha chai ya maziwa.

Zilipita siku kumi na moja. Dereva hakukosa zamu hata moja. Sponji alihakikisha saa sita na jioni yuko kwa wateja anapima makochi. Simu za jioni zikaisha. Daftari likabaki na maneno mawili: *Mkojo: upo.*

*

Siku ya ukaguzi ilibidi wote wawili wawepo karakanani. Sponji alivaa shati la bluu bila kujiambia kwa nini. Dereva alikuja bila sare, gauni la kijani na viatu vya kamba, nywele amezisuka upya, na akasema "Habari za leo, fundi" kama anayemsalimia karani.

Daktari alishusha miwani kutoka kwenye paji mpaka kwenye macho, jambo lililoonyesha kwamba leo anatazama kweli. Akapekua manyoya ya nyonga, visigino, kati ya vidole. Akanusa. "Hakuna kidonda," akasema. "Hata alama." Kisha akabana kidole cha nyuma cha Mwenyekiti.

Teke.

"Ni mimi," Sponji akasema.

"Ni kosa langu," Dereva akasema palepale.

Daktari akainua uso. "Kosa la nini?"

"Anapona," Sponji akasema, jasho linamtoka. "Nimeona. Sikuandika."

"Tangu lini?"

"Wiki tatu."

"Wiki tatu na siku mbili," Dereva akasema, akiangalia sakafu.

Sponji akamgeukia. Dereva hakugeuka.

Daktari akainama tena. Alichukua koleo dogo kwenye mkoba, akabana kidole kile kile, kwa nguvu sasa. Mguu ukarusha. Mwenyekiti alikuwa anatafuna kipande cha sponji alichokiiba. Hakuacha kutafuna, hakugeuza hata sikio.

"Mnaona? Mngembana hivi ninyi, mngelia. Hii si kupona. Ni uti wa mgongo unajibu wenyewe huko chini. Mguu unacheza, mwenye mguu hana habari." Akarudisha koleo. "Hatatembea."

Sponji alisikia kitu kinamlegea kifuani, kitamu kabisa, kitu cha kusema ahsante; na mara akajua ni nini kilichokuwa kinashukuru, na kwa ajili ya habari gani. Akaona aibu mpaka masikio yakawaka. Akamtazama Dereva. Machozi yalikuwa yanamshuka, na mwanya unaonekana. Alikuwa anacheka au analia, hata yeye asingeweza kula kiapo.

"Sasa sikilizeni," Daktari akasema, na sauti yake ilikuwa imepoteza ule umama. "Ingekuwa ni kupona kweli, wiki tatu ndizo zingehitajika kumfanyisha mazoezi. Mngekuwa mmemnyima miguu. Wote wawili. Daftari nililowapa la nini?"

"Samahani, Daktari," Sponji akasema.

"Usiniombe mimi."

Sponji akapiga magoti mbele ya Mwenyekiti. Akaweka paji la uso kwenye sikio lile lililolala, akakaa hapo. Mwenyekiti akamlamba puani, kisha akaendelea na sponji yake. Wenyeviti wengine hawana kinyongo.

Daktari akawatazama, wa chini na wa juu, kisha akafungua fomu. "Simchukui," akasema. "Mbwa asiye na kidonda miezi mitatu simtoi mahali. Lakini fomu hii haijakamilika. Hapa kwenye uhusiano mliandika *tutaona*." Akaweka kalamu juu ya meza ya kukatia vitambaa. "Nakwenda bombani kunawa mikono. Mimi hunawa polepole."

Akatoka.

"Siku mbili kabla yangu," Sponji akasema, bado yuko chini.

"Mchana ule, nilikuwa namkamua. Nikaandika, halafu nikachana." Dereva akafungua pochi, akatoa karatasi iliyokunjwa mara nne, imeshaanza kulainika kwenye mikunjo. "Soma. Nimechoka kuibeba."

*Saa 6 mchana. Mguu wa nyuma wa kulia umerusha. Mungu wangu. Sijui nifurahi au nilie. Akipona nitakuja hapa kwa kisingizio gani?*

Sponji akasoma mara moja tu. Haikuhitaji ya pili.

"Mimi nilidhani umepata mtu."

"Mimi nilidhani umepata maringo."

"Dereva."

"Naam."

"Kama angepona ungemchukua, na mimi ningebaki na mikasi."

"Ningemchukua, halafu kila siku saa sita ningemleta kumwonyesha godoro lake. Mpaka uchoke."

"Ningechoka lini?"

"We Sponji, uliza swali unalotaka kuuliza. Daktari ananawa kwa maji ya mtaa mzima, atayamaliza."

Sponji akainuka. Alikuwa bado ana aibu, bado ana furaha, na bado ana huzuni ya ile miguu miwili iliyolala upande, na hakujua aanze na ipi. "Utaolewa na fundi wa viti?" akasema. "Zamu zake ni alfajiri na usiku. Wewe utabaki na mchana na jioni. Kama sasa. Ila usiende kwenu."

Dereva akasogea mezani. Alichukua kalamu, akakunja mkono wa kushoto kuzunguka fomu kama mwanafunzi anayezuia jirani asiigilizie. Akafuta. Akaandika. Akapuliza wino. Sponji akanyoosha shingo, akaona nusu ya neno, na nusu hiyo ilitosha: *wachu*.

"Umeandika kabla ya kuniambia ndiyo," akasema.

"Ndiyo," Dereva akasema.

Nje bomba likafungwa. Mwenyekiti akabweka mara moja, kwa ufupi, kama anayefunga kikao. Lakini hakuwa anafunga chochote, saa sita ilikuwa imepita na kibofu kilikuwa kimejaa. Wakapiga magoti, mmoja huku, mmoja huku, gauni la kijani likigusa vumbi la vitambaa. Mikono minne ikalitafuta chungwa.

Baadaye Sponji alichukua daftari kwenye msumari. Akaandika saa, akaandika mkojo: mwingi. Kalamu ikasita kwenye mahali pake pa siku zote, pale ilipozoea kudanganya.

*Jipya,* akaandika, *lipo.*